Dakika Kumi za Bristol

Wakati ni ukuta, walisema waliotangulia,
ukipigana nao utaumia mwenyewe.
Tamsin Yeo hakupigana.
Aliona ufa akajipenyeza kiubavu,
begi la shule likikwaruza pande zote mbili.

Ufa ulikuwa kwenye saa ya zamani, katikati ya Bristol,
saa yenye mishale miwili ya dakika:
mmoja wa London, mmoja wa hapa,
na kati yao dakika kumi zisizo na mwenyewe.
Jua huchelewa kufika magharibi.
Ikaja reli, ikasema: jua litajijua, treni haisubiri.

Mimi sishangai. Lugha ninayoiandikia
huanza kuhesabu saa kunapokucha,
na mgeni akiambiwa saa mbili asubuhi huduwaa.
Saa ni mapatano tu, kama bei ya nyanya.

Alikuwa na miaka kumi na mitano,
tai imelegea, simu imebaki na chaji asilimia sita.
Alitarajia kofia ndefu, magari ya farasi,
mabibi waliovaa magauni kama kengele.
Kilichomlaki ni harufu:
makaa, mkojo wa farasi, mafuta ya ng'ombe yakichemshwa kuwa sabuni,
na mto uliobeba kila kitu cha kila mtu.

Kwenye pampu ya uani mvulana alikuwa anajaza ndoo.
Obed Lovell, mwanagenzi wa fundi saa,
kucha nyeusi kwa grisi, macho mekundu kwa kukesha.
"Ya dada yangu, Hephzibah. Ana kiu isiyokatika.
Tunampa, yanamtoka. Tunampa, yanamtoka."

Dakika ya tatu.
Mtihani wa historia Tamsin alipata arobaini na moja,
lakini swali hili alilipata:
kipindupindu, pampu,
na choo kilichochimbwa hatua nane tu kutoka kwenye pampu.

"Usimpe hayo."
"Nimpe nini basi? Hewa?"
"Yachemshe. Yatokote mpaka yapige kelele.
Yapoe, utie chumvi kidogo, na sukari..."
"Sukari!" Akacheka
kicheko cha mtu ambaye sukari huionea dirishani.

Dakika ya sita. Begi likapinduliwa:
daftari, rula iliyovunjika, chokoleti iliyopondeka,
na vile vipakiti alivyokwapua mkahawani bila sababu,
wizi mdogo wa watoto wa shule,
ambao mama yake, Loveday, humgombeza kila wiki.
Kumi na kimoja. Akamwekea kiganjani.

Obed akasoma maandishi. Akasoma na mwaka, pembeni,
akanyamaza kama aliyefungua saa ya mteja
akakuta gurudumu la ziada linazunguka.
Hakuuliza umetoka wapi.
Aliuliza: "Huko kwenu, nao huugua?"
"Ndiyo," alisema Tamsin. "Ila maji tumeyajua."

Dakika ya tisa. Obed akaipiga ndoo teke.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na safari hii, heri yasizoleke.

Akatokea huku na goti linalovuja damu.
Basi la saa kumi lilikuwa limempita.
"Ulikuwa wapi?" mama akafoka.
"Nimechelewa dakika kumi tu."
"Tu!"

Tangu siku hiyo simu yake iko nyuma kwa dakika kumi.
Mafundi wawili wameirudisha bila kudai hela.
Amepekua vitabu vya parokia mpaka vumbi likamtia mafua:
Hephzibah Lovell, kaolewa na mshona viatu,
kazaa watano, kazikwa ajuza wa themanini na mbili.
Obed hayumo.
Si kwenye ndoa, si kwenye vifo, si kwenye orodha za mabaharia.

Kwa hiyo Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe,
utamkuta chini ya ile saa, vipakiti vimejaa mfukoni,
sikio ameligeuzia ukutani.
Mtu aliyejua kufungua saa, anawaza,
akibaki peke yake na dakika kumi zilizofutwa,
hatazikunja mikono.

Wiki jana alisikia kitu kinakwaruza.
Huenda ni njiwa.
Akabisha mara moja, polepole,
akangoja.